Njoo Jumamosi

Baba yangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza moja Ngarenaro, Arusha, na kwa wateja wake wiki ilikuwa na siku moja tu. Ukimletea kitambaa Jumatatu, njoo Jumamosi. Ukimletea Ijumaa jioni, njoo Jumamosi, na hakusema ipi. Ukija hiyo Jumamosi atakupokea kwa uso wa mtu aliyekukumbuka sana, atakuvutia kigoda, atakuuliza habari za watu wa nyumbani mmoja mmoja, na utakapoinuka utakuwa umekubali mwenyewe, tena kwa kucheka, kurudi Jumamosi nyingine. Hakuwa mvivu. Alipokea kazi nyingi kuliko uwezo wa mikono yake kwa sababu hakuweza kumwambia mtu hapana akiwa anamtazama usoni. Mimi nimerithi kwake paji la uso, vidole vifupi, na Jumamosi.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika filamu kuhusu fundi anayeuahidi mji mzima Jumamosi, sikwenda mbali kutafuta mhusika. Mwongozaji wetu ni binti mdogo kwangu kwa umri, lakini kwa ukali ni mkubwa wangu. Alisoma kurasa za mwanzo akazipenda. Akasema kamera anayo, waigizaji anao, hata baraza la kupigia picha ameshaliona. Kilichobaki ni mimi kumaliza rasimu ya kwanza.

"Lini, dada?" akaniuliza.

"Jumamosi," nikamjibu. Neno lilitoka lenyewe.

Hiyo Jumamosi ilipita, na nyingine nyuma yake. Mvua za vuli zilikuja zikaondoka. Mwongozaji alikuwa ananipigia simu akianza na salamu ndefu za heshima, kisha anakaa kimya kusubiri nijieleze, na mimi kile kimya chake nilikiogopa kuliko maneno.

Anayenijua hakushangaa. Nyumbani kwetu Engutoto kuna banda la kuku ambalo halijawahi kuona kuku. Kuna sweta lenye mkono mmoja. Kuna vyungu vya maua nilivyovipaka rangi nusu, na nusu ile nyingine ikaota ukungu. Mume wangu ni mtu mpole ambaye hajui kusema neno la kuumiza, lakini hata yeye akipita pale kwenye banda huligonga kidogo na kuuliza kama wenyeji wapo. Nilicheka mara za mwanzo. Baadaye lilianza kuniudhi, maana nilijua anachouliza hasa ni kama filamu nayo itaishia pale pale.

Ninafanya kazi ofisini katika shamba la maua huko Usa River, na gari la wafanyakazi hunichukua mapema. Muda wangu wa kuandika ni alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Nilijiwekea taratibu. Simu niliifukia ndani ya ndoo ya mchele, ili nikiitaka nione aibu kupekua chakula cha watu. Chai ya tangawizi nilichemsha kabla ya kukaa, siyo baada, kwa sababu mtu anayekwepa kazi anaweza kuchemsha chai mpaka kupambazuke. Kiti nilikigeuza kisielekee dirishani. Mlima Meru ukiwa wazi nilikuwa nautazama mlima, ukifunikwa nilikuwa natazama mawingu, na siku zote mbili ukurasa ulibaki mweupe.

Watu huuliza hamasa ya kuandika inatoka wapi, kana kwamba kuna duka. Nilivyoona mimi, hamasa haiji kukusaidia kuwasha jiko; inakuja ikishasikia harufu ya kitunguu. Asubuhi ambazo nilikaa nikiwa sitaki, nikaandika mistari mitatu mibaya, mara nyingi mstari wa nne ulikuja na uhai. Asubuhi ambazo nilisubiri kwanza nijisikie, nilienda kazini mikono mitupu.

Ila ugonjwa wangu mkubwa ulikuwa mwingine. Nilikuwa nalirekebisha onyesho la kwanza. Fundi anafungua baraza, anatoa cherehani, anatia mafuta, mteja wa kwanza anafika. Nililiandika, nikaliandika tena, nikabadilisha salamu, nikabadilisha rangi ya kitambaa, nikamfanya mteja kuwa mwanamke, nikamrudisha kuwa mwanamume. Lilipendeza kweli. Lakini filamu nzima ilikuwa ni mtu anayefungua baraza.

Kilichonitoa hapo ni sketi. Nilipeleka kitambaa kwa fundi mmoja Ngarenaro, si kwa sababu nilihitaji sketi, bali nipate sababu ya kukaa nisikilize cherehani. Baraza la baba siku hizi ni duka la simu, lakini mbele kidogo mafundi bado wapo. Yule fundi alikuwa anashikiza koti la mtu kwa uzi mweupe, kwa mishono mirefu iliyolegea, ile tunayoiita bandi. Vidole vyangu vikaanza kuwasha kwenye mkoba. Nilipokuwa mtoto, kazi yangu barazani ilikuwa kutoa bandi. Baba alilishikiza koti zima kwa uzi mweupe, mgongo, kifua, mikono, mteja akalijaribu, akainua mikono juu kama anayekamatwa na polisi, baba akaona linapobana na linapolegea. Baada ya hapo ndipo alipiga mashine. Mashine ikishapita, mimi nilipewa koti nichomoe nyuzi nyeupe moja moja, na nilizipenda zile nyuzi kuliko peremende. Baba hakuwahi hata siku moja kupiga mashine kola ya koti ambalo bado halina mikono.

Na mimi, binti yake, nilikuwa na kola iliyonyooka vizuri sana, bila koti.

Yule fundi aliponiambia sketi njoo uchukue Jumamosi, nilicheka mpaka akanikasirikia.

Tangu siku hiyo nilijiwekea amri ya kutorudi nyuma. Nilipiga bandi. Pale nisipojua watu wanasema nini, niliandika tu, "hapa wanagombana, sababu nitaijua baadaye," nikapita. Mtoto wa fundi alibadilika umri katikati ya filamu, nikamwacha akue apendavyo. Kuna ukurasa ambao jirani wa fundi alikuwa na mke, na ukurasa unaofuata ni mjane, na sikumwonea huruma. Kurasa zilianza kuongezeka. Mume wangu akapunguza kugonga banda.

Nilikwenda hivyo mpaka onyesho la mwisho, na hapo nikasimama kama gari lililoishiwa mafuta.

Fundi wangu wa kwenye filamu anafariki, na mezani kwake anaacha koti halijaisha. Hilo halikuwa jambo la kubuni. Baba alifariki nikiwa mtoto wa shule ya msingi, na mezani aliacha koti la bluu lenye bandi zake. Niliandika kwamba mjane wake anakesha akilimalizia na kumpelekea mwenye koti. Nikasoma. Uongo mtupu. Mama yangu hajui kushona hata kifungo. Aliolewa na fundi, akaona kujifunza ni kumkosea heshima. Nikafuta. Nikajaribu mwisho mwingine, na mwingine, na taratibu nikajikuta nimerudi kwenye onyesho la kwanza, nambadilishia mteja salamu.

Ndipo nikaamua kujitega mwenyewe. Ninajijua: kazi naipenda, lakini aibu naiogopa zaidi. Na kwetu sisi Wachaga, unaweza kuahirisha kipaimara, unaweza kuahirisha hata harusi, ila mbuzi akishatajwa mbele ya watu jambo hilo litafanyika. Nikampigia mama, ambaye siku hizi anaishi kihambani kwetu, kwenye shamba la migomba la ukoo, upande wa Kilimanjaro. Baada ya shikamoo nikamwambia kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutaisoma filamu yote kwa sauti uani kwangu, kila mtu na nafasi yake, na tutachinja.

"Filamu ya baba yako?"

"Ndiyo, mama."

"Mbuzi nitaleta mimi," akasema.

Alifika wiki moja kabla, kwenye pikapu ya ndizi, amekaa mbele na dereva na mbuzi yuko nyuma kati ya mikungu. Alisema mnyama hachinjwi na uchovu wa safari, nyama inakuwa ngumu. Mbuzi akafungwa kwenye banda la kuku, na mume wangu akasimama pale muda mrefu akimtazama mwenyeji wa kwanza wa banda kwa furaha isiyofichika. Kila alfajiri nikikaa kuandika yule mbuzi alikuwa analia mara moja, kisha anatafuna. Sijawahi kuwa na msimamizi wa namna hiyo. Siku za kuishi kwake zilikuwa mikononi mwa mtu asiyemaliza kitu, na kama angenijua vizuri angelala usingizi mzuri.

Jioni moja katikati ya wiki nilimkuta mama uani anamkatia mbuzi mgomba. Nikaona nimuulize tu. Mwisho wa kweli alikuwa nao yeye.

"Mama, lile koti la bluu aliloliacha baba mezani, liliishia wapi?"

Hakuacha kukata. "La mwalimu?"

"Sijui la nani. Ndiyo nakuuliza."

Akanisimulia akiwa ameinama, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Lilikuwa la mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Alilitaka alivae kwenye kipaimara cha mwanawe. Kipaimara kikapita, koti hakuna. Siku moja akaja barazani akafoka mpaka watu wakajaa, akamwita baba muongo mbele yao wote. Baba akamwambia, mwalimu, njoo Jumamosi hii, na hii ni ya kweli. Katikati ya wiki ile baba akalala na hakuamka. Wateja wakaja nyumbani kuchukua vitambaa vyao, na mwalimu naye akaja. Mama akamfungia koti kwenye gazeti bila kumtazama usoni.

"Nikajua atalipeleka kwa fundi mwingine," mama akasema. "Jumamosi tunazika kihambani, basi la watu wa Arusha likafika, namwona anashuka. Amelivaa. Na nyuzi zake zote nyeupe. Mkono mmoja umeshikwa na bandi tu. Mbele ya mchungaji, mbele ya wakwe zangu. Alikuja kuwaonyesha watu kwamba mume wangu amekufa muongo."

"Labda hakuwa na maana hiyo."

"Wewe ulikuwa mtoto, utakumbuka nini." Akanyooka, akajifuta mikono kwenye kanga. "Hilo koti usiliweke kwenye sinema yako. Nimekuomba."

Akaingia ndani. Mimi nikabaki na mbuzi.

Nilikuwa namkumbuka yule mwenye koti. Hilo ndilo mama hakulijua, na mpaka dakika ile hata mimi sikujua kwamba nilichokuwa nakumbuka kina uzito. Katika kumbukumbu zangu za mazishi ya baba alikuwemo mtu mmoja niliyemchukulia siku zote kuwa hana akili timamu, mtu mrefu mwenye koti lenye nyuzi nyeupe. Kwenye mstari wa kutupa udongo nilikuwa nyuma yake. Uzi wa mkono wake ulikuwa mbele ya macho yangu, umeachia ncha, na mimi nilikuwa mtoa bandi wa baraza la baba yangu. Nikaushika, nikavuta. Ukatoka wote, na mshono wa begani ukaachama kidogo. Yule mtu akageuka, akachutama, akanishika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Acha hivyo hivyo, mama," akaniambia. "Baba yako alisema Jumamosi. Leo ni Jumamosi, na mimi nimekuja."

Sikumwambia mtu yeyote. Niliogopa kufinywa kwa kuchezea nguo za wakubwa mazikoni. Baadaye yale maneno yakabaki kichwani kama maneno ya kichaa, hayana mwanzo wala mwisho, na sikuwahi kuuliza koti lilikuwa la nani.

Ningeweza kumfuata mama ndani nimwambie hapo hapo. Nilifika mpaka mlangoni. Lakini alikuwa ameshaifunga ile habari, na nilijua atasema nimeota, kwamba nataka kumtetea mtu kwa ajili ya filamu yangu. Tena alikuwa ameniomba, na mama yangu haombi mara nyingi. Nililala vibaya. Nilikuwa na mwisho wa kweli mkononi, na ulikuwa ule ule niliokatazwa.

Alfajiri nilikaa. Nilijiambia hilo onyesho naliandika tu, kulisoma mbele ya watu ni habari nyingine. Nikaandika kihamba, mstari wa watu, mwalimu, mtoto na vidole vyake. Sikusimama. Sikuwa na haja ya kubuni chochote, na mistari ilishuka kana kwamba kuna mtu ananisomea. Nilipofika kwenye maneno ya mwalimu nililia, nikaendelea kuandika huku nalia, na nilipomaliza nikakuta chai imepoa na gari la kazini linapiga honi nje. Rasimu ya kwanza ilikuwa imeisha. Nilitaka kumwamsha kila mtu. Badala yake nikavaa viatu na kuondoka, na siku nzima ofisini nilikuwa naogopa Jumamosi.

Jumamosi ikafika, na mbuzi akachinjwa asubuhi na mapema. Mwongozaji alikuja na waigizaji wake wachache, majirani wakaleta viti. Kisusio, ile supu yetu ya damu ya mbuzi, kilikuwa kinachemka jikoni na harufu imejaa ua. Mume wangu alisoma nafasi ya fundi, na sikujua kwamba mtu mpole anaweza kudanganya wateja vizuri hivyo. Kila aliposema njoo Jumamosi watu walicheka, na mama naye alicheka, mara moja mpaka akajifunika mdomo kwa kanga. Mwongozaji alisoma wateja wote. Mama tulimpa kurasa akazikataa, akasema miwani ameiacha kihambani, yeye atasikiliza huku anapanga sahani.

Nilikuwa na nafasi ya kuliacha lile onyesho. Kurasa zake niliziweka chini kabisa, na ningeweza kusema tumeishia hapa, tule. Niliziangalia. Kisha nikazigawa.

Fundi alipofariki mama aliacha sahani. Mwalimu aliposhuka kwenye basi akiwa na koti lake, mama akaniangalia mimi, siyo msomaji, na akashika mikono ya kiti kama anayetaka kuinuka. Sikuthubutu kumtazama tena. Nilisoma nafasi ya mtoto, ambayo haina maneno, ni kuvuta uzi tu. Mwongozaji akasoma ya mwalimu kwa sauti ya kawaida, bila kuigiza, na nikamshukuru kimoyomoyo. Baba yako alisema Jumamosi. Leo ni Jumamosi, na mimi nimekuja.

Mama alikuwa bado kwenye kiti.

"Alisema hivyo?" akaniuliza.

"Alisema hivyo, mama. Uzi nilivuta mimi."

"Na ukanyamaza miaka yote."

"Niliogopa utanifinya."

"Ningekufinya kweli," akasema.

Akachukua sahani moja kutoka kwenye zile alizokuwa anapanga, akaifuta kwa kanga ingawa ilikuwa safi, akaendelea kuifuta.

"Walikula watu wote siku ile," akasema taratibu. "Yeye nilimwona amesimama peke yake kwenye migomba, na koti lake. Nikawaambia akina dada wasimpe hata chai."

Mama akaiweka sahani chini, akanionyesha kwa kidole kurasa nilizoshika.

"Kwenye filamu yako," akasema, "mpe chai. Ya maziwa."